Kapi Moja Chini ya Lenzi

Kabla ya kuumwa, watu wengi wa Gendabi walinijua kwa pikipiki yangu kuliko kwa jina. Naitwa Paskali. Nilikuwa mkaguzi wa mazao katika moja ya mashamba ya ngano ya serikali, huku Hanang, katika miaka yake ya mwisho. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kipande hadi kipande, kupima unyevu wa punje, kutafuta ugonjwa wa kutu kwenye majani ya ngano, na kuandika. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijisomea katika vitabu vilivyoachwa na mafundi wa shamba.

Macho yangu yalikuwa na kasoro. Kioo cha mbele cha jicho, ambacho kwa watu wengi kimeviringika vizuri, kwangu kimechongoka, na miwani ya kawaida haikunisaidia. Huko Moshi nilipewa lenzi ngumu, ndogo kuliko kifungo cha shati, za kuvaa juu ya jicho lenyewe. Siku ya kwanza kuzivaa niliona suke moja moja, mahali ambapo nilizoea kuona rangi ya njano tu. Bila lenzi hizo sikuweza kusoma kipimo wala kuendesha. Nikizikosa, nimekosa kazi.

Daktari wa Moshi alinionya kuhusu vumbi, nikatafuta miwani ya kukinga. Katika stoo ya shamba kulikuwa na miwani ya mafundi wa kuchomelea: vioo vyeusi, fremu ya chuma, na matundu madogo pembeni ya kupitisha hewa. Niliichagua kwa sababu moja, kwamba haivunjiki. Iliwahi kuanguka kwenye mawe ikabaki nzima. Nikaona suala hilo limekwisha.

Njia zangu zilipita katikati ya maboma ya wafugaji. Shamba lilikuwa limechukua malisho yao, na mtu wa ovaroli hakupokelewa kwa furaha. Mimi nimelelewa Mbulu, katika nyumba ambayo mkubwa huamkiwa kwa uso ulio wazi. Kwa hiyo kila nilipomkuta mzee njiani nilisimama, nikavua miwani, nikasema shikamoo. Injini niliiacha ikiunguruma, kwa sababu kuiwasha upya kwa kiki kulikuwa taabu. Siku nyingine nilivua na kuvaa mara ishirini, na kila mara nilifuta vioo kwa kona ya shati lenye vumbi.

Siku niliyoumia ilikuwa ya mavuno. Kombaini, ile mashine ya kuvuna ngano, ilikuwa inafanya kazi upande ambao upepo ulikuwa ukielekea. Nilikutana na Mzee Gidabu, mfugaji ambaye boma lake linapakana na shamba, nikavua miwani kama kawaida. Upepo ukageuka. Wingu la makapi likatupita, na kitu kikanichoma jicho la kulia kama ncha ya sindano. Nilimaliza salamu, nikauliza hali ya ng'ombe, nikaaga. Mbele kidogo niliitoa lenzi, nikaiweka mdomoni kuilowanisha kwa mate, nikairudisha jichoni. Vipande vinne vya shamba vilikuwa havijakaguliwa, nami nikavikagua vyote.

Jioni jicho lilikuwa jekundu na machozi hayakatiki. Mke wangu Theresia alisema kesho yake twende Haydom hospitali. Nilimjibu kwamba ni vumbi tu. Jirani yetu alikuwa na chupa ya matone ya macho yaliyobaki alipougua yeye, akaniazima kwa moyo mwema. Siku ya pili maumivu yalipungua, nikamwambia Theresia kwamba vitabu vinasema jicho hujiponya haraka. Alisema hakujua kwamba vitabu vyangu vimefika mpaka udaktari.

Siku ya tatu niliamka siwezi kuvumilia mwanga. Kope zilikuwa zimegandana kwa usaha. Nilipozifungua kwa maji ya uvuguvugu na kujitazama kwenye kioo, niliona doa jeupe kwenye jicho, sawa na kichwa cha pini. Maumivu yalikwenda mpaka kwenye taya, nikatapika. Theresia alikuwa ameshafunga mzigo.

"Baba Anna," alisema, "leo sikuombi."

Tulikwenda kwa basi, kichwa changu kikiwa kimefunikwa kwa kitenge chake. Hospitalini tulipokewa na daktari, mama mmoja mtaratibu, mwenyeji wa Iringa. Alidondoshea jicho rangi ya njano, akalimulika kwa taa ya buluu. Kisha alikwangua kidogo pale penye doa, akaenda kuangalia kwa hadubini. Aliporudi aliuliza nimetumia dawa gani, nikampa ile chupa ya jirani.

"Una kidonda kwenye kioo cha jicho, na ni fangasi. Imeingia na makapi," alisema. "Dawa hii ilituliza maumivu tu. Huku nyuma fangasi ikapata nafasi ya kula."

Nilimuuliza kama jicho litapona. Alijibu kwamba hajui, na kwamba kidonda kikifika katikati, nitaona mwanga lakini sitasoma tena. Nilimshukuru kwa kuniambia ukweli.

Nililazwa wiki tano. Wiki ya kwanza nilitiwa matone kila saa, mchana na usiku, na kila tone lilichoma kama pilipili. Sikuweza kusoma, na kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko maumivu. Theresia alinisomea alichokipata, hata maandishi ya kwenye magunia ya mbolea. Wiki ya tatu daktari alisema kidonda kimesimama. Wiki ya tano kilikuwa kimefunga na kuacha kovu, kando kidogo ya katikati.

Kabla ya kuruhusiwa niliandika maswali yangu kwenye karatasi, naye daktari akayajibu moja baada ya jingine. Nisivae lenzi mpaka aseme mwenyewe. Nisiguse lenzi kwa mate wala kwa maji ya bomba. Kuhusu miwani, alisema nilichunguza kama inavunjika, lakini sikuchunguza kama inaziba.

Nyumbani nilianza upya. Nilipata miwani za aina tatu, nikazijaribu kwa pumba za ngano: nilivaa, nikafumba macho, Theresia akanipepetea usoni kwa ungo. Alisema amesubiri ruhusa hiyo tangu tulipooana. Ile ya mafundi ilijaa pumba kupitia matundu yake. Ya pili iliziba, lakini mpira wake ulikuwa umeshapasuka kwa jua. Ya tatu ilikuwa ya plastiki ngumu isiyo na rangi, yenye sponji pembeni na mkanda mpana wa kitambaa. Pumba hazikuingia. Nikaichukua hiyo, na kitambaa safi cha kufutia nikakitunza ndani ya mfuko wa nailoni.

Ilibaki shida ya salamu. Siku moja nilikwenda kwa miguu kwa Mzee Gidabu, nikamweleza yote, na kwamba sitaweza tena kuvua miwani njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Nani alikuambia tunataka kuona jicho?" aliuliza. "Sisi tunataka uzime hiyo pikipiki. Unaniamkia, mimi nasikia dududu tu. Nilikuwa naitika bila kujua umesema nini."

Miezi saba baadaye niliruhusiwa kuvaa lenzi, nikarudi kazini. Tangu hapo nazima injini.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na namshukuru Theresia ambaye hakuniomba. Wewe unayeendesha pikipiki kila siku na lenzi jichoni, chagua miwani inayoziba kwanza, kisha ndiyo uulize kama inadumu. Kitu kikiingia, simama, nawa mikono, toa lenzi, na usiirudishe. Jicho likiuma au likiwa jekundu, nenda hospitali siku hiyohiyo, na dawa ya jirani mwachie jirani. Kovu langu halionekani kwa watu. Lakini nikifumba jicho la kushoto nikashika kitabu, katika kila mstari kuna neno moja lenye ukungu. Ukungu huo ni zile siku nilizokaa nyumbani nikisema ni vumbi tu.