Mzee Niliyemkatiza Kwenye Santuri

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliposhika saa ya mtu mwingine mkononi nikajiona mkubwa kuliko watu wote wa Mabira. Nikikueleza habari hii utaona nakasirika. Hasira yenyewe ni juu yangu mimi, ingawa kuna kidogo nimekubakizia wewe na wenzako, nayo utaipata mbele. Nivumilie, nimeshakula chumvi nyingi, na mtu wa umri wangu hasimulii kwa kukimbia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya kanisa kule Kanoni. Nilikuwa na kaptula mbili za kaki, baiskeli ya kuazima, na Kiswahili nilichokisema polepole ili watu wakione. Serikali ikaleta gari lenye kinasa sauti, lizunguke huku kwetu kukusanya sauti za watu: nyimbo, mashauri ya barazani, habari za migomba, kahawa na mifugo. Tuliambiwa santuri zitahifadhiwa mjini, na gari likirudi tena tutapigiwa tusikie tulivyosema. Fundi wa kile chombo alikuwa mtu wa pwani, hajui neno hata moja la Kinyambo, lugha yetu. Mkuu wa gombolola, mtawala wa sehemu yetu na mwamuzi wa mashauri, akanichagua mimi niwe mkalimani wake. Basi kichwa kikavimba.

Fundi alinieleza kwamba upande mmoja wa santuri unachukua dakika nne, hauzidi. Akavua saa yake akanipa nimwangalizie muda, kwa sababu yeye macho yake yote yalikuwa kwenye sindano. Sindano ile ilikuwa inachimba santuri huku ikitoa nyuzi nyeusi nyembamba, naye anazifagia kwa brashi zisije zikaikwaza. Laiti angeichunga saa yake mwenyewe! Nimelisema jambo hilo mara nyingi, na kila nikilisema najua namsingizia mtu asiye na kosa.

Sasa wewe huenda hujui wafugaji wetu wa zamani walivyokuwa wakisema mbele ya watu. Mzee hakusimama tu akaanza na habari. Alinyanyua fimbo yake kwanza, akajitaja: yeye ni nani, baba yake nani, ukoo wake upi, anatoka kilima gani, na amefanya nini katika ujana wake ambacho watu wamekiona. Kwa Kinyambo kujitaja huko huitwa kwebuga. Sisi tuliosoma tulikuwa tunaona ni majivuno ya kizee yanayomaliza muda wa watu. Hatukujua, au tulijua tukajitia hamnazo, kwamba humo ndimo wazee walimoweka kila kitu ambacho leo mnakiweka kwenye hati za ardhi na vyeti vya kuzaliwa.

Wazee walikuja wengi asubuhi ile, nikawapanga kwenye benchi nje ya baraza kama watoto wa darasa la kwanza. Kisha nikawatangazia, mimi niliyekuwa sijaota hata ndevu za maana: "Wazee wangu, leo hakuna kwebuga. Majina nitayaandika mimi kwenye karatasi. Ukifika mbele ya mashine, anza na habari." Baadhi yao walicheka wakidhani natania.

Wa tatu alikuwa Mzee Katabazi wa Mabira. Alikuwa mrefu, amevaa kanzu safi na medali ya Bikira Maria shingoni, na alikuwa ametembea tangu alfajiri kuja kusema. Alikaa, akaitazama mashine bila woga, akasimama tena, akanyanyua fimbo. "Mimi ni..." akaanza, kwa sauti ambayo nadhani hata ng'ombe wa mbali wangeinua vichwa.

"Acha hayo, mzee!" nikamkatiza. "Sema habari za ng'ombe."

Akashusha fimbo taratibu. Hakuitazama mashine tena, alinitazama mimi. "Mwalimu," akasema, "unataka nianze kuzungumza kabla sijafika?"

Mimi nikafanya nini? Nikagonga kioo cha saa kwa kidole. Naona haya hata leo kukuambia: nilimgongea kioo cha saa mzee wa umri wa babu yangu.

Akakaa, akasema habari za ng'ombe. Alisema juu ya sotoka iliyomaliza mifugo zamani, juu ya majani na ndama, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemjibu karani. Alipomaliza nikaangalia saa: zilikuwa hazijafika hata dakika mbili! Santuri iliendelea kuzunguka haina kitu, sindano inakwaruza kimya kitupu. Fundi akanigeukia akauliza mbona nimemfupisha hivyo wakati nafasi bado ilikuwa tele. Nikamjibu kwamba wazee wa huku ukiwaachia hawamalizi. Kwenye karatasi nikaandika "Mzee wa Mabira, habari za ng'ombe," nikijiambia jina nitaliongeza baadaye. Sikuliongeza.

Haukupita muda mrefu Mzee Katabazi akafariki kwa ugonjwa wa kifua. Matanga hayajasahaulika, jirani yake mmoja akaanza kuzungushia miti kisima cha ng'ombe kilichokuwa bondeni chini ya boma la marehemu, akidai kilichimbwa na baba yake. Kisima kile ndicho kilichokuwa kikinywesha mifugo ya familia ile wakati wa kiangazi, kwa hiyo kukikosa kulikuwa sawa na kuambiwa hameni. Kila mtu wa makamo aliwahi kusikia kwamba Katabazi alikichimba pamoja na ndugu zake. Lakini ndugu zake walikuwa wameshakufa, na waliobaki walimwogopa yule jirani, kwa kuwa alikuwa mtu wa mdomo mkubwa barazani. Shauri likafika kwa mkuu wa gombolola.

Marehemu alikuwa na binti aitwaye Anastazia, ndiye aliyemwuguza mpaka mwisho, na ndiye aliyelisimamia shauri. Maneno yake mwenyewe hayakupewa uzito, maana alikuwa mmoja wa wagombeao kisima. Lakini alikuwa na jambo moja alilolitegemea. Siku ile baba yake aliporudi kutoka kwenye gari la serikali, alimwambia amesema kwenye mashine. Na Anastazia alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba hakuna mzee anayesema bila kwebuga, na katika kwebuga ya baba yake kisima kile kilikuwamo: bonde lake, jiwe lililowazuia siku nyingi, na majina ya ndugu waliolitoa. Aliisikia tangu utotoni. Basi akasimama barazani akaomba gari litakaporudi, baba yake mwenyewe apewe nafasi ya kusema. Mkuu wa gombolola akakubali. Watu walilipenda sana wazo hilo, marehemu kuja kutoa ushahidi.

Kabla ya siku yenyewe Anastazia alikuja Kanoni kuniona. Alikuwa na kibuyu cha maziwa, akakiweka chini, akanisalimu kwa heshima yote anayopewa mwalimu. "Mwalimu, wewe ulikuwepo," akaniambia. "Baba alisema vizuri?"

Hapo, mwanangu, ndipo ningeweza kuokoa kitu. Ningemwambia ukweli angalau angetafuta mzee mwingine wa kushuhudia, angewabembeleza wale waoga mmoja mmoja, siku zilikuwepo. Badala yake nikasema, "Alisema vizuri sana." Maziwa nikayapokea. Nilijidanganya kwamba pengine katika zile habari za ng'ombe alikitaja kisima nami sikusikia, kwani wakati ule nilikuwa nasikiliza saa tu.

Gari likarudi. Watu walijaa uwanja wa baraza wamekaa kwenye nyasi, akina mama na watoto migongoni, na yule jirani mbele kabisa ameshika kidevu. Fundi akaweka santuri, ikakwaruza kidogo, kisha kwenye kipaza sauti tukamsikia marehemu: "Mimi ni..." Watu wakashusha pumzi. Anastazia akainua mikono yote miwili.

Ikafuata sauti nyingine, nyembamba, ya kijana mwenye haraka: "Acha hayo, mzee! Sema habari za ng'ombe."

Siku ya kurekodi, nilipomkatiza mzee, nilidhani fundi hajashusha sindano bado. Kumbe alikwisha kuishusha. Walioko nyuma wakaangua kicheko, halafu wakaitambua sauti, na shingo zikaanza kugeuka upande wangu. Baada ya hapo ilikuja sotoka, yakaja majani, wakaja ndama, kisha yale makwaruzo matupu, marefu, na hakuna aliyethubutu kumwambia fundi azime. Kisima hakikutajwa.

Mkuu wa gombolola akaniita mbele. "Mwalimu," akauliza, "mzee alitaka kusema nini?"

Nikamjibu, "Sijui. Sikumwacha aseme."

Shauri likaisha hivyo. Jirani akapewa kisima. Ng'ombe wa familia ya Katabazi wakawa wanatembezwa mbali mpaka kwenye vinamasi vya mto Kagera, wakakonda, wakapungua, na kiangazi cha pili kilipoingia watu wenyewe wakahama. Anastazia hakunitukana. Alinifuata tu watu walipokuwa wanatawanyika akaniambia, "Nilipokuja kwako ulikuwa unajua."

Unadhani imeishia hapo? Juzi mjukuu wangu anayesoma chuo alikuja na simu yake, anacheka. Amepata santuri za zamani za huku kwetu, zimehifadhiwa mjini na kuingizwa kwenye mitambo ya kisasa. Akanipigia moja. Imeandikwa: "Mzee asiyejulikana, Mabira. Habari za ng'ombe." Asiyejulikana! Mtu aliyekuwa tayari kutaja mpaka jina la babu wa babu yake! "Babu, sikiliza," mjukuu akasema, "kuna mtu anamkatiza hapa, ana kiburi huyo!" Nikamwambia huyo ni babu yako. Akaacha kucheka, mtoto wa watu, kisha akaona ni jambo la kurekodiwa. Akaninyooshea simu usoni. "Babu, basi elezea, lakini kwa kifupi, video yenyewe fupi."

Kwa kifupi! Nilitamani kuitupa ile simu kwenye migomba. Mnanikera, nasema kweli. Mna vyombo ambavyo fundi yule angepiga magoti mbele yake, vinavyoweza kunasa kutwa nzima, na bado mnawabana wazee kama nilivyowabana mimi, tena bila hata kisingizio cha santuri. Mnamrekodi bibi akiimba, hamtaji ni bibi wa nani. Mnampiga picha babu harusini, hamuulizi nyumba ile aliijenga nani. Kisha akifa mnalia, mnapekua simu, mnakuta mtu anatabasamu asiye na jina.

Nilimwambia mjukuu aketi, aandike barua kwa hao wanaohifadhi sauti: huyo mzee ni Katabazi wa Mabira, mchimbaji wa kisima, baba wa Anastazia; na aliyemkatiza ni mimi, mwalimu wa Kanoni, jina langu walitie lote. Kisima barua haikirudishi. Lakini asiitwe tena asiyejulikana wakati mimi namjua.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na uishike. Mzee akianza kujitaja, mwache ajitaje, hata kama umesikia mara mia, hata kama chakula kinapoa, kwa maana yale unayoyaona ni marefu huenda ndiyo aliyokuja kuyasema. Uandike jina lake kabla hajainuka kitini, usiseme baadaye. Na siku ukikosea, ukamwona aliyedhulumika anakuja kwako anakutumaini, mwambie siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako mwenyewe, kabla hajasimama mbele ya watu. Kumkatiza mzee ulikuwa utoto wangu, lakini kumnyamazia binti yake ulikuwa woga, na huo ndio unaoniuma zaidi.

Mungu akujalie umri mrefu, mwanangu, mpaka nawe ufikie kuzungumza polepole, na siku hiyo akupe mtu wa kuketi karibu yako akusikilize mpaka umalize.