Hapana Gusa Kioo

Harufu ya siki kwenye gazeti lililoloa hunirudisha Karen, mtaa wa Wazungu, sebuleni kwa memsahib mmoja ambaye Baba alimfanyia kazi ya nyumba miaka ya hamsini. Hivyo ndivyo alivyosafisha vioo: siki kidogo, gazeti, mkono unazunguka mpaka kioo kilie.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, na leo wenye digrii hunipisha mlangoni. Shule yangu hasa ilikuwa picha moja ukutani kule. Mwanamke anamenya viazi karibu na dirisha. Ilichapwa kwa wino mweusi kutoka bamba la shaba lililochongwa karne ya kumi na tisa, huko Ulaya. Rangi hamna, mistari tu, myembamba kama nywele. Kwenye aproni ilipita mmoja mmoja, ukahisi kitambaa kimepigwa pasi. Chini ya meza ilikatizana kama waya za chujio la chai, na giza likakaa hapo.

Kilichonisumbua ni mwanga wa dirishani. Niliamini wamepaka chokaa. Siku moja nikasogea kuitafuta, nikasogea tena, mpaka pua ikagota kioo cha fremu. Chokaa hamna! Mahali pa mwanga hapakuwa na mstari hata mmoja. Fundi aliparuka tu, karatasi ikajiwakia yenyewe.

"Wewe toto! Hapana gusa kioo! Tapakaa mafuta!"

Memsahib alikuwa nyuma yangu. Akamwita Baba, mtu mzima mwenye watoto watano: "Boi! Hii nyani yako naona nini kwa picha? Pangusa!"

"Ndiyo, memsahib." Baba akapangusa, kichwa chini. Nilimchukia yule mama, na Mungu anisamehe, siku hiyo nilimchukia Baba pia.

Chuki yangu niliilisha ikanenepa. Miaka kadhaa baada ya Uhuru, memsahib akanadi vyombo vyake arudi kwao. Mimi nilikuwa nimeshafungua karakana ya fanicha karibu na Adams Arcade, mafundi wanne chini yangu. Nikaenda na suti, nikainunua picha ile, nikawaacha Wazungu wawili wakitazamana. Memsahib, mvi tupu, akaja kuiaga. Akanyoosha kidole.

"Memsahib," nikasema kwa sauti, mnada mzima usikie, "hapana gusa kioo. Tapakaa mafuta."

Kidole kikarudi. Uso ukamwiva. Tamu, jamani! Mpaka leo nikikumbuka nameza mate.

Jioni nikamsimulia Baba, nikidhani atacheka. Akaiinamisha picha, akaonyesha lile dirisha jeupe.

"Alama ya pua yako ilikuwa hapa. Nilipangusa kote, hapa nikaruka. Na kila asubuhi niliruka, mpaka tulipoondoka kwake. Wageni wake walikuwa wakinywa chai mbele ya pua yako."

Kumbe katika kulipiza mimi nilikuwa wa pili. Picha iko kwangu sasa, watoto wangu wanagotesha pua wanavyotaka, na anayetaka kupangusa dirisha lile atanipata mimi kwanza.