Mbuzi Wenye Masikio Mazima

Huku kwetu Mbeere, mbuzi asiyekatwa sikio ni mbuzi wa mwizi. Kila boma lina alama yake. Yangu ilikuwa pembetatu kwenye sikio la kushoto, na niliikata mwenyewe kwa kisu kikali. Mke wa shemeji yangu, tuliyepakana naye ua, alikuwa mvivu wa kila kitu, hata wa kukata masikio. Nilimcheka sana.

Mwaka huo sote wawili tulitaka kitu kimoja: mabati, kabla ya mvua. Nyumba zetu za nyasi zilivuja, na wanangu walilala wamejibanza pembe moja. Ndipo mnunuzi Msomali kutoka Garissa akafika akitafuta mabeberu. Alisema Somalia huwauzia Saudia mbuzi wa Idd meli kwa meli, na safari hii wa kwao hawakutosha. Nikawatoa wangu, wanono, manyoya yanang'aa. Wa mke wa shemeji walikuwa mbavu tupu.

Akashika sikio la wa kwanza, akaliachilia. La wa pili, vilevile.

"Mama, hii sikio imekatwa. Mbuzi ya Idd lazima ikuwe mzima."

"Si ugonjwa, ni alama! Angalia nyama basi!"

"Nyama ni mzuri, mama. Lakini Saudia watarudisha."

Akawachukua wa yule mvivu, wote.

Niliwarudisha wangu zizini kwa wivu. Nchi mbili nisizowahi kuzikanyaga zilikuwa zimepatana kuhusu masikio, na hakuna aliyenijulisha. Redio iliposema biashara kati ya Somalia na Saudia inanawiri, niliizima. Nilimwomba Mungu meli ile izame, kisha nikawahurumia mbuzi, nikaomba igeuke tu njiani.

Haikugeuka. Mabati yakapigwa misumari ng'ambo ya ua, nami nikahesabu kila pigo kama la kwangu.

Mvua ilishuka alasiri moja kwa kishindo. Maji yakaingia kwangu mpaka mafigani. Mke wa shemeji akatokea mlangoni kwake.

"Wacha watoto wakuje huku, dada! Hapa hakuvuji!"

Aliita kwa upole, bila kejeli. Angekejeli, ningepata sababu ya kukataa. Wanangu walishakimbia kabla sijafungua mdomo. Mdogo wao alipofika chini ya mabati aligeuka, akanipungia mkono nami niende.

Nilijifanya sijamwona, nikaendelea kukinga maji kwa sufuria.