Naunga Mkono Hoja

Mwaka wangu wa kwanza bungeni nilikuwa mbunge wa viti maalumu, nikikaa safu ya nyuma karibu na mlango. Nilisimama mara tatu kuomba jengo moja.

Lilikuwa wodi ya wazazi kwenye zahanati ya kijiji kimoja, ukishapita Bonga kutoka Babati. Wananchi walichangia matofali, kuta zikafika kwenye linta, juu ya madirisha, kazi ikasimama. Mama mmoja mjane, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama pale, ndiye aliyenipeleka kuliona. Ndani, majani yalitufika kiunoni.

"Nitalisemea, mama," nilimwambia.

"Lisemee, mheshimiwa."

Mara ya kwanza nililiuliza kama swali la nyongeza. Naibu waziri akajibu kwa upole kwamba Serikali italikamilisha kadiri fedha zitakavyopatikana. Mara ya pili nikapewa jibu lilelile. Nikamfuata mgahawani. Akaandika jina la kijiji nyuma ya kadi ya mwaliko, akasema, "Nimekuelewa, dada yangu." Wiki nzima nikawa na furaha.

Ikafika bajeti. Tuliahidiwa dakika kumi, lakini wachangiaji walikuwa wengi, zikawa tano. Nikashukuru uongozi, nikampongeza waziri, nikawasalimu wanawake wa Manyara, kama wote tulivyozoea. Nilipogusa zahanati, kengele ikalia.

"Mheshimiwa Spika, kuna mama alijifungulia njiani..."

"Malizia, mheshimiwa."

Kurasa tatu zilikuwa bado mkononi.

"Naunga mkono hoja," nikasema, nikakaa.

Kijiji kile hakikuwamo kwenye bajeti. Nilijua, asubuhi ileile nilikuwa nimekipekua kitabu chake chote.

Niliporudi Babati nilikaa nyumbani Maisaka siku mbili kabla sijapata nguvu ya kwenda kijijini. Nilimkuta yule mama uani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tulikusikia redioni, mheshimiwa. Tulijaa pale dukani. Sauti yako ilitoka vizuri." Akanisogezea kigoda. "Sasa ile hoja uliyoiunga mkono, na sisi tumo?"

"Hapana, mama. Hatumo."

Alitikisa kichwa tu. Angenigombeza ningeona nafuu. Akamwita mkwe wake, aliyekuwa amejifungua juma lililopita katika chumba cha sindano pale zahanati, nyuma ya pazia la khanga, wagonjwa wengine wakiwa kwenye benchi nje wakisikia kila kitu. Binti yule alinisalimia bila kuniangalia usoni, akanipa mtoto nimpakate. Alikuwa mzima, mzito, amelala.

Nilitafuta neno la kumwambia. Maneno yote yaliyonijia yalikuwa ya bungeni.

"Mwakani utasema tena?" mama akauliza.

"Nitasema."

"Haya, useme," akajibu. Mawingu yalikuwa yameshuka, naye akainuka haraka kwenda kuanua maharage yaliyokuwa kwenye turubai. Nikamrudishia binti mtoto wake, nikavua viatu, nikaenda kumsaidia.