Sungura Aliyepimwa

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa na bucha pale Ruiri, na sijawahi kumpenda. Nasema mapema ili mtu asidhani nitamtetea huko mbele. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa miiba ya kaiyaba tu. Mume wangu alikuwa na kazi Embu, anakuja mwisho wa mwezi, kwa hivyo shemeji akajifanya baba wa nyumba zote mbili. Anaingia bila hodi, anafunua sufuria zangu, anauliza kwa nini maharagwe hayajaiva.

Binti yangu alikuwa na sungura wa kijivu. Mtoto huyo hakuwa na ndugu, na sungura ndiye aliyempokea akitoka shule. Watu wa kwetu wanafuga sungura, ndiyo, lakini kwa ajili ya sufuria. Huyu wa kubebwa kifuani na kuchanwa manyoya alimkera shemeji kupita kiasi.

Kilichomzuia kumchinja ni kwamba alimwogopa. Aliwahi kumwona akijikuna sikio, basi, akaamua ni ukurutu wa kuambukiza. Akamwambia mama mkwe, akawaambia majirani, akawaambia wateja huku akikata nyama. Maneno yakafika shuleni, na mwalimu akamhamishia binti yangu dawati la nyuma, peke yake. Hapo nikawaka. Mtoto wangu atengwe kwa sababu ya mdomo wa mtu mzima ovyo!

Niliomba ruhusa kazini kwangu, nikamtia sungura kwenye kikapu na kumpeleka Meru, kwa daktari wa mifugo aliyekuwa na chumba karibu na mtaa wa Majengo. Kwenye foleni, mwanamke mwenye mbuzi aliniuliza wangu anaumwa nini. Nikamwambia haumwi. Akanitazama, kisha akamvuta mbuzi wake mbali nami.

Daktari naye alishangaa, lakini kazi aliifanya. Alifunua mdomo wa sungura akaangalia kama meno yamerefuka na kupinda. Alichungulia masikio kwa tochi, akapapasa tumbo taratibu, akampima kwenye mizani, akamgeuza kuona kama hapo nyuma ni pakavu na safi. Halafu akamkata kucha, akinionyesha mahali damu inapoanzia ili siku nyingine nisimuumize. Akasema apewe nyasi kavu kwa wingi na kabichi kidogo tu. Sikio halikuwa na kitu.

"Huyu ni mzima, mama," alisema. "Mlete tena mwakani."

Jioni hiyo nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, nikijua nitamkuta shemeji akinywa chai, nikatangaza mbele ya wote kwamba daktari amemkuta sungura ni mzima. Nilitamka kila neno polepole. Shemeji hakubisha. Aliuliza tu kama daktari alimkagua mwili mzima. Nikasema mwili mzima. Akauliza kama alimdunga sindano yoyote. Nikasema hapana, ya nini? Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na chai yake. Nilirudi nyumbani kifua mbele, na wiki hiyohiyo binti yangu akarudishiwa dawati lake.

Sikuelewa nilikuwa nimeulizwa nini. Kwa mtu wa bucha, daktari wa mifugo ni yule anayekuja asubuhi kumtazama mnyama kabla hajachinjwa, kisha anapiga muhuri. Daktari mwingine hamjui. Ukimpelekea mnyama asiyeumwa, basi unataka kumla, na ukisikia hakudungwa sindano, unajua hana dawa mwilini na unaweza kumla leo.

Jumamosi wazee wa kanisa walikuja kwa mama mkwe kwa maombi. Mimi na binti yangu tulikuwa shambani tangu asubuhi, tukipalilia viazi. Tuliporudi, kizimba kilikuwa wazi. Mtoto akazunguka nyumba akiita. Ni yeye aliyeuona kwanza, nyuma ya jiko la nyanyake, mbwa akiunusa: mguu mmoja wa kijivu, kucha zake zimekatwa sawasawa.

Hakulia. Aliuokota, akauweka mkononi mwangu.

"Mama, si daktari alisema ni mzima?"

Nilimwambia anisubiri mlangoni.

Niliingia kwa mama mkwe na matope yangu miguuni. Wazee walikuwa mezani, na shemeji alikuwa akiwagawia mchuzi. Mtu ana bucha, nyama imening'inia dirishani wiki nzima, na kwa mamake hakuleta hata utumbo! Aliponiona alitabasamu. Akawaambia wazee kwamba wanaweza kula bila wasiwasi, kwani nyama hiyo imepita kwa daktari huko Meru, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka.

Nikauweka ule mguu kwenye sahani yake, juu ya mukimo wa viazi na mahindi.

"Kula na huu," nikasema. "Nao umekaguliwa."

Mzee mmoja akateremsha kijiko chake. Mwingine akasukuma sahani. Mama mkwe akaniambia nitoke, nikatoka, nikamshika binti yangu mkono tukaenda zetu.

Hadi leo shemeji huwaambia watu kwamba nilimvunjia heshima mbele ya wazee wa kanisa. Hasemi uongo. Hicho ndicho nilichokwenda kukifanya mle ndani.