Watoto wa Kuazima

Mwaka ule nilikuwa mjumbe wa baraza la mwene, yaani chifu wetu, na kwa kuwa tuliofika sekondari tulikuwa wachache, nilikabidhiwa mambo ya elimu. Sikuwa na ofisi. Nilikuwa na baiskeli, kofia ya jua na daftari, na nilivipenda vyote vitatu kupita kiasi.

Juma ninalolikumbuka lilikuwa baada ya mavuno ya ulezi. Jumamosi yake Mzungu wa elimu angekuja kutoka Mbeya kuamua ni kijiji gani kipewe mwalimu. Vijiji vilivyoomba vilikuwa viwili, mwalimu mmoja. Sharti lilikuwa watoto arobaini, wasimame mstari, wahesabiwe. Kazi yangu ilikuwa kuvitembelea vyote viwili kabla yake na kumwandikia nilichokiona.

Jumatatu nilitoka Tunduma kuelekea upande wa Ndalambo, nikalala njiani. Jumanne nikafika kijiji cha kwanza, alikozaliwa mke wangu. Wanawake walikuwa wamejenga darasa kwa mikono yao: kuta za udongo, paa la nyasi, na ndani viti vya udongo vilivyoinuliwa kutoka sakafuni. Nikahesabu watoto. Walikuwa ishirini na saba.

Mama mkwe alikuwepo. Kwa desturi yetu mkwe hasemezani uso kwa uso na mama wa mkewe, kwa hiyo aligeukia ukuta, akauambia ukuta.

"Wewe ukuta, tumekukanda tangu mvua zilipokatika. Maji tumeyapandisha kutoka bondeni mpaka migongo imekwisha. Leo mwenye daftari amekuja kukuambia watoto hawatoshi. Ukibomoka usimlaumu. Yeye kwake anapikiwa, anakula, analala."

Wanawake wakacheka. Nilicheka nao, lakini yaliniingia. Nikamgeukia shemeji yangu, nikasema kwa sauti ya kufika ukutani, "Ng'ambo ya mpaka si mna ndugu? Watoto wa ndugu si watoto wenu?"

"Ni wetu," shemeji akasema. "Ila wanalala Rodezia."

"Basi Ijumaa walale hapa."

Nikapanda baiskeli. Mpaka ule waliuchora wengine. Watu wetu waliuvuka kwenda kuomba chumvi. Hivyo ndivyo nilivyojituliza njia nzima.

Jumatano nikafika kijiji cha pili. Huko sikuwa na ndugu. Msimamizi wa shughuli yao alikuwa mfua majembe, mtu wa rika langu, mikono imejaa makovu ya cheche. Alikuwa ameshawapanga watoto kabla sijashuka kwenye baiskeli. Nikahesabu, wakawa thelathini na wanane.

"Wawili wana matumbwitumbwi," akasema. "Wako ndani. Twende ukawaone, mashavu yao kama maboga."

"Sharti ni watoto waliosimama."

"Jumamosi hawatakuwa wamepona, bwana mjumbe. Waandike tu kwamba wapo. Si uongo, wapo."

"Daftari hili haliandiki walio kitandani."

Nililisema hilo kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia, sauti ya mtu anayejiona mwadilifu. Yeye pia alikuwa na ndugu ng'ambo. Neno moja tu la kumwelekeza kama nilivyowaelekeza wakwe zangu lingetosha, wala sikulitoa. Akanitazama kidogo, akasema, "Sawa. Sharti ni sharti," kisha akawaruhusu watoto wakacheze.

Alhamisi na Ijumaa nilishinda barazani nikiandika ripoti. Kijiji cha kwanza, wametimia. Cha pili, wamepungua.

Jumamosi Mzungu akaanza na kijiji cha kwanza, mimi nikiwa mkalimani wake. Alipita kwenye mstari akimgusa kila mtoto kichwani kwa penseli, wakafika arobaini na mmoja. Kwa mtoto mmoja akasimama, akataka kujua baba yake yuko wapi. Mtoto akajibu kwa Kinamwanga kwamba baba yuko nyumbani, ng'ambo, anajenga ghala. Nikatafsiri kwamba baba yuko nyumbani. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akaandika. Kijiji cha pili hakukifika. Ripoti yangu ilimtosha.

Wanawake walipiga vigelegele. Mama mkwe aliuambia ukuta kwamba umepata mtu wa kuutetea.

Wale wa ng'ambo walirudi makwao. Mvua za kwanza zilipoanguka, baadhi ya waliobaki wakapelekwa kuchunga na kuamia ndege mashambani. Mwaka wa pili mwalimu alibaki na watoto wasiofika ishirini, akahamishiwa mbali, upande wa Mbozi. Darasa likawa la mbuzi. Kijiji cha pili hakikupata shule mpaka bendera ilipobadilishwa, na wale thelathini na wanane walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Miaka kadhaa baada ya juma lile, mfua majembe alianza kuja kwangu. Mwanawe mkubwa, mmoja wa waliosimama mstarini Jumatano ile, alikuwa kwenye migodi ya shaba, akituma barua alizoandikiwa na mwenzake. Baba hakujua kusoma, na nyumbani kwake hapakuwa na aliyejua. Alitembea asubuhi nzima ili nimsomee. Safari ya tatu au ya nne nilishindwa kuendelea. Nikaiweka barua chini, nikamweleza habari ya watoto wa kuazima, yote, na ile tafsiri yangu ya nusu.

"Hilo nililijua Ijumaa ile ile," akasema. "Mtoto wa dada yangu wa ng'ambo alipita kwangu kuomba maji. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kuhesabiwa."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Mashitaka ya elimu tulikuwa tunayaleta kwako."

Hakulisema kwa hasira. Aliiokota barua, akaipangusa vumbi kwenye goti, akanirudishia.

"Rudia pale anapoeleza habari ya mguu wake."

Nikarudia. Akaniomba tena, na tena, huku midomo yake ikinifuata, mpaka alipoweza kuisema yote bila mimi, aende akamwambie mkewe.