Nilivyozikwa kwa Ajili ya Sinema

Watu husema siasa ina fitina. Hao hawajaigiza sinema.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mkulima wa korosho, nyuma ya Mingoyo huko. Likaja gari kutoka Dar es Salaam na bwana mwongozaji aliyevaa kofia ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Alitaka kutengeneza picha ya maisha ya kijiji: shujaa mmoja, mnyonyaji mmoja. Ushujaa ulinyakuliwa na balozi wetu wa nyumba kumi kabla watu hawajamaliza kuuliza. Unyonyaji ukakosa mwenyewe. Nani akubali kuitwa mnyonyaji mbele ya kijiji kizima, halafu kesho asimame mkutanoni kuomba jembe?

Nikakubali mimi, kwa sababu ya mama yangu niliyekuwa nikikaa naye. Alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho moja lilishazima, la pili liliona vitu vikubwa tu: ukuta, gari, mkorosho. Uso wangu alishaupoteza. Sasa, kwenye pazia la sinema uso wa mtu huwa mkubwa kuliko mlango. Nikamwambia, "Mama, utaniona tena."

"Inshallah," akasema. "Lakini fanyeni haraka, baba, hili nalo linaaga."

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: mnyonyaji ananyonya, anaugua, anakufa, na shujaa kwa moyo wake mwema anamzika. Nikaazimiwa koti kwa Mhindi wa duka Lindi, nikafungwa mto tumboni, nikanyonya vizuri mno. Mwongozaji akaanza kuniita nyota. Hapo ndipo balozi alipokosa usingizi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, sauti alikuwa nayo. Lakini kila kamera iliponigeukia, alipita mbele yangu. Mara anakohoa, mara anainama kufunga kamba za viatu, na miguuni kavaa kandambili!

Siku ya kuzikwa kwangu akaona haitoshi. Akatuma mtu kijiji cha jirani kwa watani wetu: njooni, kuna msiba. Hakusema ni wa mchezo.

Sisi Wamwera, mtu wetu hazikwi hivihivi. Watani lazima waje kumdhihaki marehemu, wamwigize, wazuie maiti mpaka wapewe chochote. Ndiyo kazi yao, na wanaijua. Mimi nimelala juu ya kitanda cha kamba, nimefunikwa shuka jeupe, nimebana pumzi kama nilivyoagizwa. Nikasikia vigelegele. Lahaula! Mtani mmoja akajitupa kaburini akalala chali. "Hili letu! Tupeni jogoo, la sivyo huyu aozee juu!"

Mfiwa kwenye picha ni nani? Shujaa. Basi balozi, kamera ikimtazama, ikabidi akimbize jogoo wake mwenyewe uwanja mzima huku msuli unamvuka. Bibi mmoja mtani akaja kunifunua uso. "Hebu nione kama huyu mlafi ameondoka na meno yetu." Akanitekenya unyayo. Wallahi, nilijikaza. Nilifikiria njaa, nilifikiria kodi, nikashindwa. Nikaangua kicheko mpaka mto ukanitoka tumboni. Watani wakatimua mbio, wengine wakiacha hata vilemba.

Mwongozaji alitupa kofia chini. "Nakukata! Hutaonekana hata kidole!"

Nilirudi nyumbani mdogo kama kidonge cha piritoni. Sikujali unyota. Nilimwonea huruma mama, ambaye alishawaalika majirani wote.

Picha ilipoletwa na gari la sinema, mama alijipaka wanja, akavaa khanga mpya, akaketi mbele kabisa nami ubavuni. Pazia likawaka. Mwongozaji alikuwa mtu wa neno lake: unyonyaji wangu wote haukuwepo. Balozi alihutubia, akahutubia tena. Mama akawa ananong'ona, "Bado?" Nami, "Bado, mama."

Mara yakaja mazishi! Kumbe huko Dar es Salaam kila aliyeuona mkanda ule alivunjika mbavu, wakaona dhambi kuutupa. Shuka jeupe likajaa pazia zima. Nikamshika mama mkono. "Ndiyo mimi! Tazama, sasa hivi wananifunua!"

Nilishamweleza mapema kwamba ninakufa kwa mchezo, na alikubali. Lakini alipoliona lile shuka, akajifunika khanga uso mzima.

"Mama, funua! Nacheka! Mkubwa kama nyumba!"

"Siangalii! Sikukuzaa nije nikuzike."

Kijiji kizima kilikuwa kinagaragara kwa kicheko, balozi na jogoo wake wakishangiliwa, uso wangu uko pale juu na kila jino langu, na mtu mmoja tu ndiye asiyeutazama. Kisha ukapita. Nikataka kumwomba mwenye mashine aurudishe. Mama akanivuta shati. "Hata aurudishe mara mia. Keti."

Akajifunua, akaipa sinema mgongo. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akalipata shavu langu.

"Haya," akasema, "cheka nione."

Nilijaribu, kicheko kikagoma. Yakatoka machozi, naye akayafuta kwa kidole gumba huku akiniuliza kulikoni.